Sita na Saba Wamebaki Ndani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usilitaje jina langu, wala la shule, wala la mtaa, kwa sababu Mkuu wetu husoma ukurasa wako kila wiki akinywa chai, tena husoma kwa sauti, na mimi ndiye ninayemmiminia hiyo chai.

Mimi ni karani wa shule, kijana, nina elimu ya kutosha na woga wa kuzidi. Kazi yangu ni kupokea wageni, kuchapa barua, kugonga mhuri na kujua ufunguo wa mlango gani unaning'inia wapi, na kazi hiyo nilikuwa naifanya bila kumkosea mtu, kwa kuwa kila nikitaka kufanya jambo huuliza kwanza, na nikishajibiwa huuliza tena ili niwe na hakika. Sasa mwalimu wa chekechea alikwenda kujifungua, na Mkuu akatazama huku na huku, akaona walimu wote wana vipindi hadi shingoni, akaniona mimi nimesimama mlangoni na kikombe chake, akasema, "Karani, wewe umesoma. Kawashike wale watoto mpaka mwenyewe arudi. Kuhesabu tu, hakuna kingine. Wafike mia."

Nikasema, "Ndiyo, Mkuu." Hilo ndilo jibu langu kwa mambo yote, Mshauri, utalikuta tena huko chini.

Kufika mia hakukuwa kazi. Niliwakuta watoto tayari wana wimbo wa namba wenye makofi na kuruka, wanaanza moja wakiwa wamekaa na kumaliza mia wakiwa juu ya madawati, na Mkuu akipita dirishani alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaanza, nakiri, kutembea kama mwalimu, mikono nyuma. Mpaka siku moja wakati wa mapumziko nikamwambia mtoto mmoja, ambaye saa hiyohiyo alikuwa ametoka kuimba hadi mia bila kumeza mate, aniletee vikombe vitano kutoka kabatini. Akaleta vyote. Nikamwambia nimesema vitano. Akavitazama, akaniimbia wimbo mzima tangu mwanzo, akafika mia, akanikabidhi vikombe vyote kwa mara ya pili, akiwa na uso wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Nikamjaribu mwingine, na mwingine, na jasho likaanza kunitoka, kwa sababu nilielewa kwamba nimekabidhiwa darasa la watoto wanaojua mia na hawaijui tano. Nikampigia simu mwalimu mwenye darasa, naye akanijibu huku kichanga chake kikilia: "Wape vitu washike, ndugu yangu. Wavisogeze kimoja kimoja, waseme namba wakigusa, wasiseme kabla. Na usiwakimbize." Kichanga kikazidi, simu ikakatika, na huo ndio ualimu wote niliosomea mimi.

Nikafanya kama nilivyoambiwa. Niliazima vijiko jikoni, nikaokota mawe madogo nikayaosha kwa sabuni (mara mbili, usinicheke), nikakusanya vizibo vya soda nikavigonga kingo kwa nyundo ili visimkate mtoto, nikatandika mkeka, nikachora mstari wa chaki katikati yake. Kitu kikiwa upande huu hakijahesabiwa, kikivuka mstari kimehesabiwa, na hakivuki mpaka mkono ukivushe. Nilitengeneza na mfuko wa kitambaa, mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, anapapasa, anasema ni vingapi. Mshauri, ungewaona! Kuna mmoja alipanga mawe matatu kwa mstari, kisha akayarundika, kisha akayatawanya, na kila mara yakawa matatu, naye akakasirika kabisa kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, akaenda kuyajaribu tena nje, juani. Hatukufika mia. Tulifika tano, tukakaa pale, lakini tano ilikuwa yao. Ungemwambia mtoto leta vitano, angeleta vitano na kukutazama usoni.

Na hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kunitafuna. Mimi nilifundishwa Kiswahili na mtu mkali, na masikio yangu hayawezi kuvumilia "vijiko mbili". Kila mtoto aliposema "vijiko mbili" nilimsimamisha, mkono wake ukiwa bado juu ya kijiko, nikasema, "Sema vijiko viwili." Akisema "mawe mbili", nikasema, "Mawe mawili." "Watoto mbili." "Watoto wawili." Nilikuwa nawasahihisha kwa upole lakini bila kumwacha mtu, na walikuwa wanashika upesi, nikafurahi sana, mpaka nilipoweka vijiko viwili na mawe mawili mbele ya msichana mmoja tunayemwita Kidole, kwa sababu hasemi jambo bila kulinyooshea kidole, nikamuuliza vyote pamoja ni vingapi.

"Ni viwili na mawili," akasema.

"Vizuri. Ukivijumlisha?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu Karani, hawa hawajuani."

Yaani kwake yeye, viwili ni namba ya vijiko na mawili ni namba ya mawe, kila kitu kina namba zake kama kila nyumba ilivyo na watu wake. Mama yake Kidole ni fundi cherehani, ana duka ng'ambo ya barabara mkabala na lango letu, na mtoto amelelewa chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwa hiyo siku ya pili yake alinijia na ufumbuzi. "Nimejua," alisema. "Ni Mbili yuleyule. Akienda kwa vijiko anavaa *vi*, akienda kwa mawe anavaa *ma*, akienda kwa watu anavaa *wa*." Nilipenda maelezo hayo mno, Mshauri, nikayarudia mbele ya darasa zima kana kwamba ni yangu, na darasa zima likaelewa, na kwa siku chache nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha tukavuka tano.

"Vitano," akasema Kidole, akavusha kijiko. Akagusa kinachofuata. "Visita."

"Sita," nikasema. "Vijiko sita."

"Amesahau kuvaa?"

"Sita havai."

"Kwa nini?"

Sasa mimi najua kwamba sita, saba na tisa ni maneno yaliyotujia kutoka lugha nyingine, na nilikuwa tayari kumweleza hivyo, lakini papo hapo nikakumbuka kumi, ambaye ni mwenyeji na bado havai, nikaogopa kumdanganya mtoto, nikaishia kusema, "Ndivyo alivyo."

"Na Saba?"

"Naye havai."

"Nane?"

"Nane anavaa. Vijiko vinane."

"Tisa?"

"Hapana."

"Kumi?"

"Hapana."

Akakaa akiwafikiria. "Masikini," akasema, akarudi kwenye mkeka, na mimi nikaona limeisha.

Halikuisha. Mkuu alikuja darasani na kikombe chake kuwatazama watoto wakifanya mazoezi ya siku ya wazazi, na mimi, sijui nilipata wapi ujasiri, nadhani ulikuwa wa mtu mwingine ukapotea njia, nikamwambia leo hawataimba, watahesabu vitu kweli. Nikamwita Kidole kwa kuwa ndiye hodari wangu. Mkuu mwenyewe akachota vijiko mezani, akavimwaga mkekani. Vilikuwa sita. Kidole akavusha kimoja kimoja juu ya mstari, sauti safi, kila mguso na namba yake:

"Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Vinane!"

Mkuu akaweka kikombe chini. "Vingapi?"

"Vinane, Mkuu."

"Sita na Saba wako wapi?"

"Wako ndani," akasema Kidole. "Hawana nguo, na kuna mgeni."

Darasa zima likaafiki kwa vichwa, kama wazee wa baraza. Mtoto mmoja wa nyuma akaongeza, "Na Tisa naye yuko ndani, ila hatujamfikia."

Nakuapia, Mshauri, mtoto hakuruka kijiko hata kimoja, kidole chake kilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, mdomo tu ndio ulioruka. Lakini Mkuu hakuwa anatazama kidole. Alinitazama mimi. Aliniambia, mbele yao, vijiko virudi jikoni na mawe yarudi yalikotoka, siku ya wazazi darasa litaimba hadi mia kama darasa la watu wenye akili timamu. Kisha akasema, "Na huyu mtoto siku hiyo abaki ndani. Mweke stoo na penseli za rangi. Sitaki wageni wamsikie. Mwakani arudie chekechea. Na wewe, Karani, wageni wakishaondoka tutazungumza habari ya kiti chako, maana kina watu wanaokitamani."

Nikasema, "Ndiyo, Mkuu."

Kesho yake asubuhi mama yake Kidole alinisubiri langoni, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni, watu wanapita.

"Karani! Nasikia Sita hana nguo. Sasa nimshonee nini, gauni au suruali?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Usinichekee. Jana nimemwambia huyu mtoto aniletee vifungo vinane vya shati la mteja. Kaleta sita, kaapa ni vinane. Mteja kavaa kwa haraka, kaenda kwenye kikao na kitovu nje. Ndiyo hesabu mnayofundisha hiyo?"

Nikamwomba radhi, nikamwomba tena. Akalainika, akazitoa pini mdomoni. "Basi. Mtoto mwenyewe anaipenda shule hata akilala anahesabu. Siku ya wazazi nafunga duka, nakuja kumwona. Kaniambia atasimama mbele na vijiko. Nimemshonea gauni, Karani, lina mifuko miwili, kataka mwenyewe, anasema ya kuwekea namba."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamwambia gauni litampendeza.

Sasa naomba unisaidie. Je, niwarudishe watoto kwenye wimbo na kuvisahau vijiko? Je, ni kweli nimewaharibu? Sita nimweleze vipi kwa mtoto ambaye hakubali "ndivyo alivyo"? Na Kidole nimweke stoo kama nilivyoagizwa, au niseme anaumwa, au niumwe mimi? Sina kazi nyingine, na si mtu wa kushindana na wakubwa. Tafadhali nijibu kabla siku ya wazazi haijafika, na kama inawezekana jibu lichapwe kwa herufi ndogo, chini kabisa, karibu na matangazo ya viwanja.

Wako mtiifu,
Karani, ndani ya stoo ya chaki

*

MSHAURI ANAJIBU

Karani mwanangu,

Umeomba herufi ndogo. Nimewaambia waweke kubwa. Asubuhi ya gazeti hili mimina chai ujaze kikombe, kwa sababu Mkuu wako atakuwa anasoma hapa, nami nina maneno naye nikimalizana na wewe.

Kwanza pole. Pili, hongera, maana hakuna aliyekupa. Ulipokea watoto wanaoimba, ukawafanya wahesabu. Yule aliyekasirika kwa sababu mawe matatu yanabaki matatu hata ukiyatawanya amegundua kitu ambacho kuna watu wazima hawajakigundua, hasa wanaogawa nyama. Unauliza kama umewaharibu. Wimbo wa mia haujawahi kukosea, mwanangu, na haukosei kwa sababu haufikirii. Kidole alikosea kwa sababu alifikiri mpaka mwisho. Alipewa kanuni, akaifuata, ikamfikisha shimoni. Kanuni ilikuwa ya nani?

Ilikuwa yako, na hapo ndipo ninapokuchapa kidogo. Mtoto akiwa anavuka mto juu ya gogo, humwambii afunge kamba za viatu. Mkono wake uko kwenye kijiko, akili yake yote iko kwenye kile kijiko, wewe unamvuta sikio kwa ajili ya *vi*. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wewe ulimshikisha viwili, mawili na wawili kwa mpigo, ukashangaa kilichoponyoka. Sarufi haina haraka. Mtoto akisema "vijiko mbili" wakati anahesabu, mwache amalize, kisha wewe useme tu, kwa sauti ya kawaida, "Naam, vijiko viwili," na uendelee na safari. Masikio yako yatauma. Yatapona.

Na unaporudi mkekani fanya hivi. Wakati wa kuvusha vitu, namba ziitwe kwa majina yao zilivyozaliwa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Waambie watoto kwamba namba zikiwa kazini hakuna anayevaa, wote kifua wazi, kama wapakia mizigo. Kazi ikiisha, kitu cha mwisho kikishavuka, ndipo tunaposema kwa heshima: vijiko vinne, mawe manne. Hapo Sita atajikuta miongoni mwa wenzake, na hakuna atakayemtazama.

Kuhusu hao wasiojuana, panga vijiko viwili, chini ya kila kijiko weka jiwe. Muulize Kidole kama kuna kijiko kilichokosa jiwe. Hakuna. Jiwe lililokosa kijiko? Hakuna. Basi Viwili na Mawili ni mtu mmoja, amekutwa nyumba mbili. Kisha vitie vyote kwenye bakuli moja, aingize mkono, avipapase, na umpe neno *vitu*. Mwambie "vitu" ni sare ya shule. Kijiko kinatoka kwao, jiwe linatoka kwao, wakivuka lango wote wanavaa sare moja, na sasa unaweza kuwahesabu: vitu vinne. Mtoto wa fundi cherehani ataelewa kabla hujafunga mdomo.

Na Sita? Usimpe mtoto historia ya lugha, na usimpe "ndivyo alivyo". Ketisha watoto wanane, umwambie awaletee vijiko vinane. Akiruka kutoka vitano kwenda vinane ataleta sita tu, wawili watabaki mikono wazi, na nakuhakikishia hawatanyamaza. Kelele yao itamthibitishia Kidole kwamba Sita na Saba wapo, wana nafasi zao, na wanataka vijiko vyao, wamevaa au hawakuvaa. (Nilisoma barua yako kwa sauti hapa ofisini. Mpanga kurasa wetu, mtu mzima mwenye ndevu, tangu asubuhi ananong'ona "watu sita, mawe sita, viti sita", na ukurasa wa michezo haujapangwa. Kwa hiyo usimcheke mtoto.)

Sasa tuje kwenye "Ndiyo, Mkuu".

Umeniandikia barua ndefu yenye vijiko na vizibo, ukaificha katikati yake habari yenyewe kama mtu anayeficha mfupa kwenye sahani: kwamba umekubali kumfungia mtoto stoo, na ukamwambia mama yake gauni litampendeza. Litampendeza nani? Maboksi ya chaki? Unasema wewe si mtu wa kushindana na wakubwa. Sijakutuma ukashindane. Nakutuma uvuke barabara. Leo, kabla ya duka kufungwa, ingia kwa yule mama, umweleze ulivyokubali, na kwa nini vifungo vilikuwa sita. Atakupandishia sauti. Ana haki hiyo, na ana pini, kwa hiyo simama mbali kidogo. Kisha atakuja siku ya wazazi, na hatakuja kinyonge.

Na siku yenyewe, waache watoto waimbe mpaka mia wakiwa juu ya madawati. Ni wimbo mzuri. Tangaza tu kwamba ni wimbo. Halafu useme, "Sasa watoto watatupangia viti." Usiweke viti mapema. Waache wazazi wamesimama. Kila mtoto ashike kiti kwa mikono yake, akipeleke kwa mtu mmoja, aseme namba akikitua chini. Hakuna mzazi atakayelalamika kwamba watoto wanacheza, kwa maana hesabu ikiwa kamili ataikalia, na ikipungua ataisimamia yeye mwenyewe. Safu ya mbele, ya wageni wanane, ipangwe na Kidole, ndani ya gauni lake.

Sasa wewe, Mkuu. Weka kikombe chini.

Una msichana mdogo shuleni kwako ambaye aliamini kwamba asiyevaa kama wenzake hafai kutokea mbele ya wageni, kwa hiyo akawaacha Sita na Saba ndani. Ni kosa la kitoto, na litaponywa na vijiko kabla ya wiki kuisha. Wewe ulipolisikia hukucheka wala hukumsahihisha. Ulikubaliana naye. Ulimchukua yeye mwenyewe ukamweka ndani pamoja nao, kwa kuwa hakusimama kama wenzake mbele ya mgeni. Tofauti ni kwamba yeye ana umri wa chekechea. Wewe nani atakuletea vijiko?

Kiti chako siku hiyo kitakuwa cha saba kwenye safu ya mbele. Ukikikuta kipo, kaa, na umpigie makofi aliyekileta. Ukisimama, ujue ni kwa sababu mwalimu wake hakupewa nafasi ya kumaliza somo.

Na habari ya kiti cha Karani, usiihangaikie. Nimechapa barua hii yote, na wazazi wa shule yako wanajua kusoma.

Karani, nimebakiwa na jambo moja. Baada ya leo atakuita ofisini na kukuambia jambo, nawe utahisi lile jibu lako la zamani linapanda lenyewe, na makofi yake na kuruka kwake, kama wimbo wa mia. Tia kijiko mfukoni kabla ya kuingia. Kishike. Kisha sema, polepole, ukigusa: "Hapana, Mkuu." Ni maneno mawili tu, mwanangu, na yamevaa vizuri.